Diski Ipumzike, Betri Idumu: Mada kwa Makarani wa Wadi



Karani anayesajili wananchi mahali pasipo na stima hutegemea chaji aliyoiweka jana usiku. Chaji ikiisha saa nane mchana, foleni haiishi. Mama aliyetoka kwake alfajiri ili kuwasilisha fomu ya basari ya mwanawe huambiwa arudi kesho. Mada ya leo inahusu jinsi vipakatalishi vikuukuu vinavyotumia Linux vinavyoweza kuongezewa dakika za kazi bila gharama yoyote, na bila kuhatarisha rekodi za wananchi.

Ndani ya kipakatalishi cha zamani mna diski yenye sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Sahani hizo huzunguka hata wakati karani anazungumza na mwananchi na hakuna kinachosomwa wala kuandikwa. Diski ya aina hiyo hutumia takriban wati 2 ikiwa kazini, karibu wati 1 ikizunguka bure, na karibu wati 0.2 ikisimama.

Tuseme betri ina wati-saa 48 na mashine inatumia wati 12. Itadumu saa 4. Diski ikisimama na kuokoa wati 0.8, betri itadumu saa 4 na dakika 17. Huo ndio upeo wake, kwa sababu diski itaamka mara kwa mara. Kwa hivyo karani aanze kwa kupunguza mwangaza wa skrini, ambao mara nyingi hula chaji zaidi, kisha ageukie diski.

Hatua ya kwanza ni kujua aina ya diski. Amri hii hutoa jibu:

lsblk -d -o NAME,ROTA

Nambari 1 humaanisha diski inazunguka. Nambari 0 humaanisha ni SSD, ambayo haina sahani, hivyo hakuna cha kusimamisha.

Hatua ya pili ni kuweka muda wa diski kupumzika:

sudo hdparm -S 60 /dev/sda

Hapa wengi hukosea. Nambari 60 si sekunde 60. Kuanzia 1 hadi 240, kila nambari huzidishwa kwa sekunde 5, hivyo 60 ni dakika 5. Diski ikikataa kusimama, huenda kiwango chake cha kuhifadhi nguvu kiko juu. Amri ya hdparm -B 127 huiruhusu. Kuanzia 128 hadi 254 hairuhusiwi kusimama. Ili kuhakikisha, hdparm -C huonyesha neno standby ikiwa diski imesimama. Katika Debian na Ubuntu, mipangilio ya kudumu huandikwa katika faili ya /etc/hdparm.conf.

Kuna mambo mawili ya kutahadhari nayo.

La kwanza ni tamaa ya kuisimamisha diski kila baada ya sekunde chache. Sahani zikianza kuzunguka upya huhitaji nguvu nyingi kuliko zikiwa zimeshika kasi, na kila kuanza huchosha mashine. Karani huishia kupoteza chaji, kusubiri kila anapofungua faili, na kuifupishia diski maisha. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Amri ya smartctl -A huonyesha diski imeanza na kusimama mara ngapi tangu ilipotengenezwa.

La pili ni zito zaidi. Kwa kawaida Linux huchelewa kidogo tu kuandika kazi mpya kwenye diski. Hukagua kila sekunde 5 kama kuna data iliyosubiri vya kutosha. Kwa sababu hiyo diski huamshwa mara nyingi. Iko njia iitwayo laptop mode, ambayo huacha maandishi yakae kwenye kumbukumbu ya muda, hata kwa dakika 10, kisha yaandikwe yote kwa pamoja. Diski hupumzika vizuri, lakini betri ikizima ghafla, fomu zote za dakika hizo huweza kupotea. Vipakatalishi vikuukuu vina betri zilizochoka, ambazo huweza kuonyesha asilimia 20 na kuzima papo hapo.

Basi mashine inayosajili wananchi isiwekwe katika hali hiyo. Mashine ya kusoma ripoti ofisini inaweza kuvumilia. Ile yenye majina ya watoto wanaosubiri karo haiwezi. Dakika 17 za ziada hazilingani na safari ya pili ya mama yule.

Karani aliye na mashine ya aina hii amwone afisa wa teknolojia kabla ya kwenda nyanjani, aangaliziwe diski na betri kwa pamoja. Na akiwa huko, ahifadhi kila fomu kabla mwananchi hajainuka kitini.