Safari ya Desemba na Homa ya Januari

  Kama uko jikoni unapika, endelea tu na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunazungumza juu ya safari ya likizo, hasa safari ya kutoka kwetu milimani kwenda kuwatembelea jamaa na marafiki kule chini, karibu na ziwa.

Desemba ikifika, shule zimefungwa. Mama wa Gesima anafunga mizigo: mkungu wa ndizi, majani ya chai, labda na kuku wa kumpelekea dada yake aliyeolewa upande wa Homa Bay. Anapanda gari hadi Keroka, kisha Kisii mjini, halafu Rongo, na mwisho anateremka hadi ziwani. Watoto wanafurahi. Wataona mashua, watakula samaki, watacheza na binamu zao. Ni jambo jema, kwa maana undugu ni kuzuriana.

Lakini safari hii inakutoa mahali penye malaria kidogo na kukupeleka mahali penye malaria nyingi, mwaka mzima.

Kwa nini iwe hivyo? Malaria huletwa na kijidudu kinachobebwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Kijidudu hicho kinahitaji joto ili kikomae ndani ya tumbo la mbu. Ziwa Viktoria liko kwenye kimo cha mita 1,130 hivi juu ya bahari, na kule kuna joto usiku na mchana. Sisi tuko juu zaidi, na usiku wetu ni wa baridi. Kukiwa na baridi, kijidudu huchelewa kukomaa, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Hiyo haina maana kwamba sisi hatupati malaria. Wazee wanakumbuka milipuko ya miaka ya 1990 katika nyanda hizi za juu, wakati vitanda vya hospitali havikutosha.

Jambo la pili ni kinga ya mwili. Mtu aliyezaliwa ziwani na kuumwa na mbu tangu utotoni, mwili wake huzoea kupigana na malaria kwa kiasi fulani. Wa kwetu haujazoea. Kwa hiyo wifi yako akikuambia, "Wacha wasiwasi, mbona watoto wangu wanalala bila neti na hawaugui?" mjibu kwa upole, "Wifi yangu, hawa wangu ni wageni wa mbu wa huku." Hata wewe mama, na baba yao pia, ni wageni vilevile. Na hata hao watoto wake wanastahili kulala ndani ya neti, kwa maana malaria bado inaua watoto wengi wadogo huko.

Sasa tujitayarishe vipi?

Kwanza, beba neti yako. Usingoje kupewa na mwenyeji wako, kwa sababu wageni wakiwa wengi, neti hazitoshi. Watoto ndio hutandikiwa sebuleni juu ya mkeka, sita kwa mstari mmoja, na hakuna anayekumbuka neti. Beba neti yenye dawa, kamba na misumari michache. Ifunge juu ya mahali watakapolala, na pembe zake zichomeke chini ya godoro au mkeka. Ikiwa ni neti mpya, itandaze kivulini siku moja kabla ya kuitumia. Ikiwa imetoboka, ishone kabla ya kuondoka.

Pili, angalia saa za jioni. Mbu wa malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Mkikaa nje kupiga hadithi, au mkienda kwenye mkesha wa matanga, wavalishe watoto nguo za mikono mirefu, na suruali au soksi.

Tatu, kama una mimba, pitia kliniki kabla ya safari. Malaria wakati wa mimba humaliza damu ya mama, na inaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo. Katika maeneo ya ziwa, akina mama wajawazito hupewa dawa ya kuzuia malaria wanapohudhuria kliniki. Uliza kama inakufaa. Na kama mtoto wako ana ugonjwa wa selimundu, usisafiri naye kabla hujazungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga.

Nne, beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Kule mtoto akiugua, mhudumu atajua uzito wake na chanjo alizopata. Huenda ukasikia kwamba watoto wa huko wanachanjwa dhidi ya malaria. Ni kweli. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, katika sehemu kadhaa za kaunti za eneo la ziwa. Lakini hutolewa kwa dozi nne, kuanzia miezi sita. Haipatikani kwa siku moja ya matembezi, na hata aliyechanjwa bado anahitaji neti.

Huko njiani na ziwani pia yako mengine. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa. Watoto wasioge wala kucheza kwenye maji ya ziwa penye konokono na majani, kwa sababu kuna kichocho. Ndani ya matatu, funga mkanda, na usikubali kupakiwa kupita kiasi eti kwa sababu ni Krismasi.

Sasa, akina mama, sikilizeni sehemu hii kwa makini.

Chukua mfano wa mama aliyerudi Gesima tarehe 2 Januari. Watoto wote ni wazima. Anashukuru Mungu. Anaosha nguo, ananunua sare, shule zinafunguliwa. Tarehe 11 mtoto wake wa miaka mitatu anakataa uji. Jioni mwili ni moto. Nyanya anasema, "Ni baridi ya huku, amerudi kutoka kwenye joto." Mama ananunua dawa ya kupunguza homa dukani. Joto linashuka, mtoto anacheza. Kesho yake joto linarudi. Siku ya tatu mtoto anatetemeka na kukakamaa.

Kosa liko wapi? Huyu mama hakuwa mzembe. Alidhani hatari ilibaki ziwani. Lakini malaria haitokei siku ile mbu anapouma. Kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 15, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo inakuja wakati umekwisha kuisahau safari. Dawa ya dukani ilishusha joto, lakini haiui kijidudu cha malaria.

Kwa hiyo, mkirudi, hesabu wiki nne. Andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani. Yeyote katika nyumba akipata homa ndani ya siku hizo, awe mtoto au mtu mzima, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na ukifika, usingoje kuulizwa. Sema, "Daktari, tulikuwa ziwani wiki mbili zilizopita. Naomba apimwe malaria." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha, kwa sababu huku kwetu homa ina sababu nyingi, na mhudumu anaweza kufikiria kifua au tumbo kwanza.

Akionekana ana malaria, atapewa dawa ya mseto ya kumeza, dozi sita kwa siku tatu. Mpe pamoja na chakula au maziwa. Akitapika ndani ya nusu saa, rudi kituoni upewe dozi nyingine. Usikatize dawa kwa sababu amechangamka, wala usibakishe vidonge kwa ajili ya ndugu yake. Ikiwa kipimo hakikuonyesha malaria na homa inaendelea, rudi apimwe tena.

Usingoje hata asubuhi ukiona dalili hizi: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea au haamki, anapumua kwa shida, au viganja vyake vimekuwa vyeupe. Akipata degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na utafute gari.

Kabla ya kuagana, tukumbushane. Kwenda, beba neti. Ukiwa huko, itumie kila usiku, hata usiku wa Krismasi. Kurudi, hesabu wiki nne. Homa ikija, pima damu, na useme mlikotoka.

Na kama wewe husafiri mwaka huu, mwambie jirani anayesafiri. Nyanya naye mwambieni, kwa maana mara nyingi ndiye anayebaki na watoto Januari mama anaporudi kazini.

Nawatakia safari njema, na mrudi nyote salama. Kwaherini.