TANURU DOGO LA KUYEYUSHIA MADINI

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo na mafundi wa Kagongwa, Kahama)

 

Leo sikuja na kitabu cha hesabu. Nimekuja na chungu hiki. Mnakiona? Ni kidogo, kinaenea kiganjani. Lakini kuna kikundi kimoja cha vijana ambacho chungu kama hiki kimekila fedha ya msimu mzima wa mpunga. Nitawaeleza.

Vijana hao walitaka kuyeyusha alumini. Walikusanya sufuria mbovu, vifuniko, na vipande vya injini, ili wamimine sufuria mpya na miiko ya kuuza mnadani. Kazi nzuri. Wakasafiri hadi mji mmoja, wakaona tanuru dogo la umeme. Limeandikwa "kilo 2". Wakasema, basi, kila mara tutayeyusha kilo mbili. Wakalipa, wakarudi nalo. Kumbe chungu chake hakikuenea hata robo tatu ya sufuria moja iliyovunjwavunjwa!

Je, muuzaji aliwadanganya? Hakuandika uongo. Ila hakuwaambia kwamba kilo hizo mbili ni za dhahabu. Hapo ndipo kisomo kinapotakiwa. Chukua debe la maji, lipime uzito. Debe hilohilo likijaa dhahabu, uzito wake ni kama mara 19 ya yale maji. Likijaa alumini, ni mara 2 na nusu hivi, au zaidi kidogo. Kwa hiyo chungu cha kilo 2 za dhahabu hakibebi hata gramu 300 za alumini. Hiyo ni sahani moja na kijiko chake. Ukienda kununua, usiulize kilo ngapi tu. Uliza: kilo ngapi za nini? Au fanya kama mama anayenunua kibaba: mimina maji ndani ya chungu, uone kinachukua vikombe vingapi. Halafu kikaushe kabisa.

Swali la pili ni joto. Kila madini yana joto lake la kuyeyuka. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Dhahabu 1064. Shaba nyekundu 1085. Chuma ni zaidi ya 1500, kwa hiyo anayekuuzia tanuru dogo la mezani akisema litayeyusha jembe, mwache aendelee na safari yake. (Wazee wetu waliweza kupata chuma kutoka kwenye mawe. Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walifanya kazi hiyo kwa mkaa na mivukuto, na majembe yao yalitumika hata kulipia mahari. Lakini kile chuma hawakukifanya kitiririke kama uji. Walikitoa bonge, wakakifua kwa nyundo.)

Sasa uchague lipi? Mwenye gramu chache za dhahabu hana haja ya tanuru. Bomba la moto wa gesi, kisahani cha udongo na boraksi kidogo vinamtosha. Boraksi ni ule unga mweupe unaokusanya uchafu na kuacha dhahabu safi chini. Mwenye alumini, tanuru la mkaa lenye feni au mvukuto linamfaa sana. Unaweza kulijenga mwenyewe kwa ngoma ya chuma iliyokandikwa ndani kwa udongo wa mfinyanzi, na likipasuka unajua kulikandika tena. La umeme halina moshi na joto lake linapimika, ila umeme ukikatika katikati ya kazi, madini yanaganda chunguni. Tena angalia waya. Tanuru la wati 1500 usiliunganishe kwenye waya mwembamba wa redio, wala usilitumie bila waya wa ardhini. Chungu chenyewe kigonge kwa ukucha wa kidole. Kikilia kama kengele, kizima. Kikilia kama kibuyu, kina ufa, kirudishe.

Hayo ya kununua yanatosha. Sasa nakuja kwenye jambo lililonileta.

Ndugu zangu, nina mdogo wangu aliyekuwa kwenye machimbo kwa miaka mingi. Alikuwa akirudi nyumbani na kibonge cha zebaki na dhahabu kimefungwa kitambaani. Anakiweka juu ya sepetu, anapuliza jiko la mkaa, jiko lilelile la ugali, ndani ya nyumba kwa sababu aliogopa wezi. Mkewe anamwangazia kwa tochi, mtoto mgongoni. Baada ya dakika chache kibonge cheupe kinakuwa cha njano. Wote wanafurahi. Hakuna harufu, hakuna moshi wa kuumiza macho. Leo mdogo wangu akishika kikombe cha chai, nusu inamwagika. Anasahau jina la mtu aliyemsalimia asubuhi. Kwanza walisema amerogwa.

Ile zebaki ilikwenda wapi? Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Dhahabu bado haijayeyuka hata kidogo, zebaki imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo unaingia mapafuni, na mwingine unapanda kwenye paa, unapoa, unarudi chini. Unaanguka kwenye unga, kwenye mtungi wa maji, kwenye kitanda cha mtoto. Mwaka 2003 wataalamu walipima afya za watu wa Rwamagasa, Geita. Walioonekana kuathirika zaidi ni wale wanaochoma. Dalili ni kutetemeka mikono, kusahau, fizi kuuma, mate kujaa mdomoni, hasira bila sababu. Kwa mama mjamzito, sumu inamfikia mtoto tumboni. Wajapani wa Minamata walijua habari hii kwa machungu. Kiwanda kilitupa zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa. Mkataba wa dunia wa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kwa hiyo kibonge cha zebaki kisitiwe tanuruni hata mara moja. Kichomwe kwanza ndani ya chombo cha kunasia mvuke. Wachimbaji wanakiita retoti. Ni kikopo cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalotoka juu na kuteremka hadi kwenye maji. Mvuke unapita bombani, unapoa, unadondoka ukiwa zebaki tena. Unaitumia mara ya pili, na zebaki ni ghali, ninyi mnajua kuliko mimi. Kiwe cha chuma kitupu. Kisiwe cha alumini wala shaba, maana zebaki inazila, wala bomba lililopakwa zinki. Mdomo wa bomba uguse maji kidogo tu, na uutoe kabla ya kuondoa moto, la sivyo maji yatavutwa ndani na chombo kitapasuka. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na nyumba, nawe ukae upande upepo unakotoka. Usikifungue kikiwa na moto.

Mtu ataniuliza: Mwalimu, nikijifunga kitambaa kibichi puani? Hakisaidii. Mvuke unapita kama maji kwenye chekeche. Na hata dhahabu iliyotoka kwenye retoti bado imebakiza zebaki kidogo ndani yake, nayo hutoka wakati wa kuyeyusha. Kwa hiyo anayeyeyusha dhahabu afanye kazi mahali pa wazi au chini ya bomba linalovuta hewa na kuitoa nje, mbali na nyumba za watu. Wanunuzi wanaoyeyushia chumbani kuliko na duka la soda, nawaomba sana.

Tena jambo la maji. Fundi mmoja alimimina alumini kwenye kalibu iliyolala nje usiku wa mvua. Ilionekana kavu. Ilikuwa na unyevu kidogo tu. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ukubwa kama mara 1700, yanatafuta pa kutokea, na yakitoka yanatoka na madini. Uso wake una alama mpaka leo. Kalibu, koleo, fimbo ya kukorogea, na kila kipande cha kuongeza kwenye chungu, vipashwe moto kwanza. Mikebe iliyofungwa isiingie. Bati la zinki lisiingie, moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku. Betri ndiyo kabisa, ina risasi. Mimina juu ya mchanga mkavu, siyo juu ya sakafu ya saruji, kwa sababu saruji ina unyevu ndani na huruka vipande. Moto ukitokea, mwagia mchanga, siyo maji.

Vaa viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Kandambili hapana. Shati la pamba, siyo nailoni, maana nailoni huyeyuka mwilini. Miwani ya kinga. Watoto wakae mbali. Ukiungua, tia jeraha chini ya maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha nenda zahanati. Usipake dawa ya mswaki wala mafuta ya kupikia. Na tanuru la mkaa lisiwake chumbani usiku kwa ajili ya joto. Hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kuyeyusha au kununua dhahabu ya watu kwa biashara kunahitaji leseni. Dhahabu yako uipeleke kwenye soko la madini, masoko hayo yalianza mwaka 2019. Mwenye shaka afike ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Kahama.

Jumatano saa kumi alasiri tutakutana hapahapa. Mdogo wangu atakuja, amekubali kuzungumza mwenyewe, ila mumvumilie akisahau neno. Fundi wa kuchomelea ataonyesha namna ya kubana kifuniko cha retoti. Wale vijana wa "kilo 2" wataleta tanuru lao. Nimewaambia linaweza bado kupata mteja kwa sonara. Wake kwa waume mje, na ninyi mama mnaomwangazia mume tochi mje mbele.

 Sasa maswali.