Vocha ya Nusu Bei

Juma hili nataka tuongee juu ya vocha za pembejeo, maana msimu wa kupanda unakaribia na maneno ya ruzuku yameanza tena.

Kuanzia msimu wa 2008/2009 hadi ule wa 2013/2014, Serikali yetu, ikisaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, iliwagawia vocha wakulima wa mahindi na mpunga. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda mno duniani. Mkulima alipewa vocha tatu: ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia, za kutosha ekari moja. Vocha ililipa kiasi cha nusu ya bei. Nusu ya pili alitoa mwenyewe kwa wakala.

Tazameni basi masharti yenyewe. Kwanza, apewe mkulima mdogo asiyezidi hekta moja, na kina mama wanaoongoza kaya watangulie. Pili, awe na uwezo wa kulipa ile nusu yake. Jamani! Novemba ghala ni tupu, mahindi ya kula yenyewe yananunuliwa kwa kibaba. Hiyo nusu itoke wapi?

Namkumbuka mama mmoja, jirani yetu kijijini. Jina lake lilipita bila ubishi kwenye mkutano wa kijiji. Alipofika dukani hakuwa na fedha. Wakala akamwambia: "Mama, weka dole hapa, chukua hizi za chumvi na sabuni." Akaweka dole gumba, akaenda zake. Wakala akadai fedha za Serikali, na mbolea akamuuzia mwingine kwa bei kamili. Katika daftari mama alipata mifuko yake. Shambani mahindi yalikuwa ya njano. Wengine walimcheka kwa kuuza vocha. Mimi sikuona alichokosea.

Wapo ambao hawakufika hata hapo. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha, wanaume watatu na wanawake watatu, lakini utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro ulikuta kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliishia kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Uchaguzi huo ulikuwa na faida yake.

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya ya mbolea huko Mbeya. Hii haina karatasi. Mkulima huandikishwa, hupewa namba, na wakala huihakiki kabla ya kuuza. Ni hatua nzuri, ujanja wa dole gumba umepata kizuizi. Lakini mkulima bado hutoa fedha taslimu kabla ya kubeba mfuko.

Wenzetu wa tumbaku hukopeshwa pembejeo na chama cha msingi, wakakatwa wakati wa mauzo. Kwa mahindi ni vigumu, kwani mnunuzi si mmoja. Huuzwa gulioni debe kwa debe. Hata hivyo vyama vya ushirika vingeweza kuanza na wale wanaoweka mazao yao katika ghala la chama, na deni likakatwa pale pale.

Yule mama naye amejiandikisha. Namba yake imo katika simu ya mwanawe. Juzi alinipigia kuniuliza kama ninaweza kumkopesha ile nusu.

Kwa leo ni hayo.