Baridi Itokanayo na Moto: Historia ya Majokofu ya Chanjo

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaelekea bara ya kusini, na hatimaye wakafanya makazi Masasi. Tangu hapo Mkunazini na Masasi zikawa na ujamaa wa karibu. Ni misheni hiyo hiyo iliyompokea daktari mpasuaji wa Kiingereza, Leader Stirling, mwaka 1935. Alifanya kazi miaka mingi Lulindi, upande wa Masasi na Newala, mahali ambapo wakati huo palikuwa hapana umeme. Mwaka 1975 daktari huyo aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, na mwaka huo huo mpango wa taifa wa chanjo ukaanzishwa.

Hapo ndipo lilipozuka suala zito. Dawa nyingi za chanjo hutakiwa kuhifadhiwa baina ya nyuzi joto 2 na 8 za Sentigredi. Je, mahali kama Lulindi, ambako jua ni kali na umeme haukuwapo, baridi hiyo ingepatikana wapi?

Viwanda vya mashine za baridi vilikuwapo zamani. Carl von Linde, mtaalamu wa Kijerumani, alianzisha kampuni yake mjini Wiesbaden mwaka 1879, ikiuza mitambo mikubwa kwa viwanda vya bia na vya barafu. Lakini mitambo ya namna hiyo haiendi bila ya injini, nayo haikuwa ya zahanati ya kijijini.

Ufumbuzi ulitoka Uswidi. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu lisilokuwa na injini wala pampu. Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa mna maji, amonia na hewa ya hidrojeni. Moto mdogo hupasha maji yenye amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa nyuma ya jokofu na kuwa majimaji, kisha hukutana na hidrojeni na kugeuka mvuke tena, huku ikifyonza joto lililomo ndani ya jokofu. Baadaye maji huipokea tena amonia, na mzunguko huanza upya. Hivyo moto wa utambi ndio unaozaa baridi.

Kampuni ya Electrolux, iliyoundwa mwaka 1919 chini ya Axel Wenner-Gren na kujulikana kwa mashine za kufagilia, iliununua uvumbuzi huo mwaka 1925. Majokofu ya mafuta ya taa yakaenea duniani kote penye misheni, mashamba na hospitali zilizo mbali na miji.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo mwaka 1974. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, mwaka 1979 Shirika hilo liliitaka Electrolux itengeneze vyombo mahsusi vya kuhifadhia na kusafirishia chanjo, na kazi hiyo ikafanyika nchini Luxemburg. Mwaka 2001 tawi hilo lilitoka mikononi mwa Electrolux likaitwa Dometic, na mwaka 2015 kiwanda cha Luxemburg kikapata jina la B Medical Systems. Miongoni mwa vyombo vya siku hizi yamo majokofu yanayotumia nguvu ya jua moja kwa moja.

Majina ya kampuni yamebadilika na moto umepisha jua, lakini jambo moja halikubadilika: hakuna kiwanda kinachouza uangalifu. Jokofu la mafuta lililowekwa upande halipoi. Utambi usiokatwa hutoa masizi, na moto huwa hauna nguvu. Mtumishi aliyelala bila ya kujaza mafuta aliamka na chanjo zilizoharibika, na mtoto aliyechomwa dawa hiyo alirudi nyumbani bila ya kinga, mama yake akiamini amekingwa.

Visiwa hivi navyo vimepata funzo. Mwezi Mei 2008 Unguja ilipotewa na umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika siku kama hizo ndipo hujulikana kituo kilichojitayarisha na kisichojitayarisha.

Kwa hivyo watumishi wa vituo vya afya wanakumbushwa yafuatayo:

1. Kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni, na kuandikwa daftarini. Wahenga wamesema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

2. Chanjo za pepopunda, dondakoo na kifaduro zisigandishwe kabisa. Kuganda huziharibu kama joto linavyoharibu chanjo ya polio.

3. Kichupa chenye alama ya mraba kitazamwe kabla ya kutumika. Mraba ukifanana rangi na duara lake, au ukizidi weusi, dawa isitumike.

4. Chakula na vinywaji visiwekwe katika jokofu la chanjo, kwani kila mlango unapofunguliwa baridi hupungua.

Wananchi nao wanaombwa wasione udhia wanapoambiwa wasubiri hadi dawa ikaguliwe. Chanjo ni amana ya watoto, na amana haina budi kufikishwa ikiwa salama.