Daftari la Wazee wa Mpakani



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo wa wafanyabiashara unaihusu pia mali nyingine tusiyoitunza ipasavyo, nayo ni habari za maisha ya watu wa kawaida.

Tuchukue mfano wa Majanji, bandari ndogo ya wavuvi kwenye Ziwa Viktoria, wilayani Busia, Uganda. Mpaka wa Kenya hauko mbali. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia, watu wa lugha moja na koo zilezile, wakajikuta chini ya serikali mbili, na nyaraka zinazowahusu nazo zikagawanyika.

Lakini hata nyaraka hizo zingewekwa pamoja, zisingesema yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi mno kando ya ziwa hilo, na serikali ya kikoloni ya Uganda ikatoa amri ya kuwahamisha watu kutoka mwambaoni. Amri imo katika majalada. Familia zilibeba nini, na ziliyaagaje makaburi ya wazazi wao, majalada hayasemi. Na wale waliohama hawapo tena tuwaulize.

Katika miaka ya 1970, chumvi, sukari na sabuni zilipoadimika Uganda, magendo yalishamiri mpakani. Waliokamatwa waliandikwa majina. Mama aliyevuka usiku kutafuta chumvi aliwaambia nini watoto wake alipoondoka, hakuna karani aliyeandika. Ila wengi wa watoto hao wangali hai, nao sasa ndio wazee.

Kazi hii inawezekana. Marehemu Profesa Gideon Were aliwasikiliza wazee wa magharibi ya Kenya, na mwaka 1967 akachapisha historia ya Waluhya, pamoja na kitabu kingine chenye maelezo ya wazee wenyewe. Maswali ya wakati ule yalihusu zaidi asili ya koo na kuhamahama kwao. Wajibu wetu ni kuyapanua, yamfikie mvuvi, mchuuzi na mkunga.

Wapo wasemao kuwa wazee husahau. Ni kweli, lakini makarani nao hukosea, tena wengine hukosea kwa makusudi. Dawa yake ni kulinganisha kauli ya mmoja na ya mwingine, ya ng'ambo hii na ya ng'ambo ile, kisha na maandishi.

Basi walimu na vijana wa pande zote mbili za mpaka waanze sasa. Wamwombe mzee ridhaa, wamsikilize katika lugha yake, waandike tarehe na mahali, na nakala moja ibaki kijijini. Waliokumbwa na malale tulichelewa kuwauliza. Tusichelewe mara ya pili.