HESABU YA MTU KAZINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Tudor, Mombasa)



Halmashauri imenitaka niseme machache juu ya matumizi ya hesabu katika usimamizi wa watumishi. Yamkini wako watakaosema kwamba jambo hili ni la maofisi makubwa, wala halituhusu. Nami nasema latuhusu sana, kwani sisi ndio tuhesabiwao.

Pwani hii imeijua hesabu hiyo tangu zamani. Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa kiwe ushahidi wa siku yake, ili jioni apate ujira. Siku zilivyopita, jina la cheti likawa jina la mtu. Tazameni nguvu ya hesabu: kilichowekwa kuipima kazi ya mtu kikageuka kuwa ndicho mtu mwenyewe. Tena cheti kile kilikuwa na upungufu mkubwa, nao ni kwamba kilihesabu siku moja tu. Jua lilipokuchwa hesabu ilikwisha, na kesho yake mtu akasimama langoni kana kwamba hajapata kuonekana.

Wengi wa wazee wetu waliopakia na kupakua shehena Kilindini walikuwa vibarua wa namna hiyo. Meli hazikuja kwa kipimo. Siku moja zilijaa gatini, siku nyingine hapana kazi, na kwa ajili hiyo makampuni yalipenda kuajiri watu kwa kutwa. Makuli waligoma mwaka 1934, wakagoma tena 1939. Kisha, kuanzia tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waliacha kazi kwa siku zaidi ya kumi, wakikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini.

Baada ya misukosuko hiyo ilionekana kwamba ukibarua bandarini hauna budi kupunguzwa. Majina ya makuli yaliandikwa daftarini, na kila mmoja akatakiwa kutimiza idadi maalum ya zamu kwa mwezi, la sivyo jina lake lingeweza kufutwa. Mgomo mwingine ulitokea Machi 1955, na miongoni mwa waliotafuta suluhu alikuwamo Tom Mboya, ambaye leo jina lake limo katika barabara ipitayo hapa hapa Tudor.

Daftari lile lilikuwa na faida. Mtu aliyedumu kazini alijulikana, na siku zake zikajumlishwa. Lakini lilileta pia swali ambalo halijaisha hata leo. Mtu aliyefanya zamu kumi tu kwa mwezi tumwite nani? Mmoja atasema ni mvivu. Wa pili atasema ana shamba lake la minazi, naye huja mjini anapohitaji fedha. Wa tatu atasema alifika kila siku, ila meli hazikuwapo. Tarakimu ni ile ile moja, na sababu ni tatu mbalimbali.

Hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, ingawa si fahari kulisema mbele ya wazee. Katika ujana wangu nilikuwa karani wa mahudhurio katika ghala moja la mji huu. Daftari langu lilikuwa na alama mbili tu: "alikuja" na "hakuja." Asubuhi mnyapara alichagua watu aliowahitaji, wengine akawarudisha; nami, kwa kuwa waliorudishwa hawakuingia ndani, niliandika "hakuja." Mwisho wa mwezi nilijumlisha kwa uangalifu mkubwa, wala sikukosea hata moja. Mzee mmoja alionekana ana siku kumi na tisa za kutokuja, akaachishwa kazi. Alinijia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe hukuniona pale langoni?" Nilikuwa nimemwona siku zote kumi na tisa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na habari yake ilikuwa uwongo. Kilichokosekana kilikuwa safu ya tatu: "alikuja, akarudishwa."

Ndugu zangu, sisemi haya ili tuichukie hesabu. Pasipo hesabu mtu huajiriwa kwa udugu na huachishwa kwa chuki, na mnyonge hana hoja ya kushika. Nasema tu kwamba kila hesabu iulizwe swali lake. Wasimamizi wa leo hutumia sana tatu. Ya kwanza ni siku za kutohudhuria. Nayo iulizwe, ni nani aliyekosa, mtu au kazi? Ya pili ni kazi itokayo, kama vile tani zinazopakuliwa na genge moja kwa saa. Nayo iulizwe, shehena ilikuwa ya namna gani, winchi ilikuwa nzima, na mvua ilinyesha kwa muda gani? Ya tatu ni idadi ya wanaoacha kazi. Tuchukue mfano wa karakana yenye watu 40, na katika mwaka mmoja 10 wakaondoka. Hiyo ni asilimia 25. Ikiwa wote kumi walitoka chini ya mnyapara mmoja, hesabu ile haituambii habari za watu waliokwenda, bali yatuambia habari za yule aliyebaki.

Angalieni kwamba hesabu hii ya tatu humpima msimamizi. Daftari la haki lina pande mbili. Linalompima mtumishi peke yake ni nusu ya daftari.

Sheria nayo imekwisha kulifahamu jambo hili. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kibarua ambaye siku zake za kazi mfululizo, zikijumlishwa, zinafikia mwezi mmoja au zaidi, huhesabiwa kuwa mtumishi wa mshahara wa mwezi. Maana yake ni kwamba ile jumla ambayo cheti cha zamani hakikuweza kuifanya, leo sheria yaifanya. Sheria hiyo hiyo humwagiza mwajiri kuweka kumbukumbu za watumishi wake. Lakini jumla haiwezi kufanywa ikiwa siku hazikuandikwa, na wengi wetu twaacha kalamu yote mikononi mwa upande mmoja.

Kwa hiyo naleta mambo mawili mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila mwanachama afanyaye kazi ya kutwa awe na daftari lake dogo, aandike kila jioni tarehe, mahali, saa alizofanya na ujira alioupata. Na siku aliyofika akarudishwa, aiandike vile vile. La pili, vijana wetu wanaosoma Chuo Kikuu cha Ufundi hapa Tudor, ambao kesho watakuwa wasimamizi na makarani, waombwe kuwasaidia wazee wasiojua kuandika. Wataifaidi kazi hiyo kuliko wadhanivyo, kwani watajifunza kumtazama mtu usoni kabla ya kuandika alama mbele ya jina lake.

Yule mzee sikumwona tena, wala sikupata nafasi ya kurekebisha daftari lile. Nimeona afadhali niwaachie ninyi safu ile ya tatu.