Fedha za Umma na Udongo wa Nyakach
(Hotuba iliyotolewa Katito mbele ya waumini na wanaharakati)



Marehemu Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alipodai vyama vingi hadharani mwaka 1990, na kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, kiini cha madai kilikuwa kwamba anayetawala awajibike kwa anayetawaliwa. Leo nawaomba tuyapeleke madai hayo mahali pasipotazamwa sana: stoo ya ofisi ya serikali.

Serikali ni mnunuzi mkubwa. Hununua meza, karatasi, magari, mafuta, hata kuni za jikoni katika taasisi zake. Kila kinachonunuliwa kina bei mbili: iliyoandikwa kwenye hati ya malipo, na ile ambayo ardhi huilipa baadaye. Chukueni meza moja ya afisa. Ikiwa mbao zake zilitoka katika mti uliokatwa kiholela huko Mau, mvua ya huko haina tena cha kuizuia. Udongo huteremka na mto Sondu, hupita hapa kwetu Nyakach, hadi Ghuba ya Winam, ambako mvuvi hukuta maji ya matope na magugu yaliyonawiri kwa rutuba iliyoporwa mashambani. Sisi hatuhitaji mgeni atueleze maana ya ardhi iliyoachwa uchi. Makorongo ya Katuk Odeyo tunayaona. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Basi kuuliza mbao zimetoka wapi si utundu.

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 inataja ulinzi wa mazingira na kukuza viwanda vya nchini miongoni mwa misingi yake. Tena asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo seremala kijana wa Katito, anayetumia mbao za miti ya kupandwa, ana mlango wake. Wapo maafisa wanaojitetea kwamba wamefungwa na bei ya chini. Utetezi huo ni dhaifu. Katiba inadai ununuzi wenye manufaa kwa gharama yake, na balbu ya bei ya kutupa inayokula umeme mara nne ya nyingine haina nafuu yoyote.

Kuna na uonevu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, anayekamatwa na mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku hukabiliwa na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Mama mboga alitii. Lakini ingieni katika mikutano mingi ya maafisa mkahesabu chupa za plastiki mezani, ilhali birika na glasi zimo kabatini! Vilevile, mwaka 2003 wanawake wa Nyakach walianza kufundishwa kupika kwa majiko ya jua. Ikiwa mama wa kijijini aliweza kulifikiria upya jiko lake, taasisi yenye bajeti ina udhuru gani?

Silaha yetu ni barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21. Tuombe mpango wa ununuzi wa mwaka. Tuulize mbao, karatasi, kuni, na hayo magari mabovu yanayovuja oili uani yataondolewa lini. Wakinyamaza, kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki hiyo ya mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Barua ya kwanza iandikwe juma hili. Wenye mwandiko mzuri wabaki baada ya maombi, nasi tutatumia karatasi pande zote mbili.